Mapigo ya moyo kwenye kadio: yanapanda mno, yanagoma kupanda, au saa ndo inakosea

Maswali ya mapigo ya moyo kwenye kadio, yaani mazoezi ya kukimbiza moyo kama kutembea, kukimbia au baiskeli, ni yale yale, yanabadilika sura tu. Huyu saa yake inasoma 170 na yuko kwenye matembezi, yule anajituma mpaka fulana inaloa lakini namba haivuki 115, mwingine kapiga hesabu kwa fomula mbili kapata majibu mawili na hajui ashike lipi. Nimeyapanga hapa kwa dalili, tafuta ya kwako uanzie hapo. Sababu zinaanza na ile inayokuta watu wengi zinashuka mpaka zile za nadra, na kila mara tunaanza na vipimo vya bure, vidole na pumzi, kabla hujaanza kuwaza kwamba moyo una ugonjwa.

Kikubwa nilichokiona kwa miaka niliyokimbia na kutembea na watu ni kwamba wengi wanaohangaika na namba wanahangaika na namba isiyo yao. Ama kifaa kimepima kitu kingine, ama fomula imewapa wastani wa watu wengi wakaupokea kama kipimo chao binafsi.

SIMAMA KWANZA KAMA UNA HIZI

Kuna dalili hazisubiri umalize kusoma. Uko kwenye mazoezi kifua kikabana au kikawa kizito kama kimekaliwa na kitu, maumivu yakaelekea mkononi, shingoni, kwenye taya au mgongoni, pumzi ikakata kuliko kazi unayofanya, jasho la baridi, kichefuchefu, macho yakafanya giza au ukazirai, acha hapo hapo. Kaa chini, ita mtu, piga simu ya dharura, na usijiendeshe mwenyewe kwenda hospitali. Hata kama imepita baada ya dakika 5 ukajiona mzima, hiyo ni habari ya daktari, kocha haimhusu.

Na kama tayari una ugonjwa wa moyo, sukari, figo, presha isiyotulia, umewahi kuzirai ukiwa kwenye mazoezi, au kwenye ukoo kuna mtu alifariki ghafla akiwa bado kijana, muone daktari kabla ya kuanza mazoezi makali. Matembezi mepesi ni kitu kingine, lakini yale ya kutafuta zoni za juu, yaani viwango vya juu vya mapigo, usiyaanze kwa kubahatisha.

KIPIMO CHA VIDOLE, KILA MTU AKIJUE

Nakiweka hapa juu kwa sababu karibu kila dalili hapo chini itakurudisha hapa. Geuza kiganja kiangalie juu, weka ncha za kidole cha shahada na cha kati chini ya kidole gumba cha mkono ule mwingine, kwenye kale kabonde kati ya mfupa na mshipa mgumu unaocheza ukikunja ngumi. Gusa kidogo tu, ukikandamiza sana unauziba. Gumba usilitumie kupimia, lina mpigo wake nalo linakuchanganya. Ukianza kuhesabu wakati mpigo unapiga, ule wa kwanza uite sifuri, unaofuata ndo moja, wengi wanakosea hapa wanajiongezea.

Ukiwa umepumzika hesabu sekunde 30 zidisha kwa 2. Ukiwa kwenye mazoezi huna muda huo, ukisimama tu mapigo yanaanza kushuka, kwa hiyo simama na ndani ya sekunde chache anza, hesabu sekunde 15 zidisha kwa 4. Wengine wanahesabu 10 wanazidisha kwa 6, sawa, ila ukikosea mpigo mmoja tu tayari jibu limeharibika kwa 6. Shingoni pia panapigika vizuri, lakini gusa upande mmoja tu, usishike zote mbili kwa pamoja, na kwa watu wazima wenye matatizo ya mishipa mkono ni salama zaidi.

Kipimo cha pili ni mdomo wako. Unaweza kuongea sentensi nzima lakini kuimba huwezi, hapo uko kwenye kasi ya wastani. Unaweza kutoa maneno matatu manne tu alafu lazima uvute pumzi, hapo ni kali. Unaweza kuimba kabisa, bado ni nyepesi. Kinaonekana cha kitoto lakini kwenye vituo vya mazoezi ya wagonjwa wa moyo kinatumika, kwa hiyo usikidharau.

DALILI: SAA INASOMA JUU MNO NA WEWE UNAONGEA KAMA KAWAIDA

Hii ilinikuta mwenyewe nikapoteza amani karibu mwezi mzima. Saa ya mkononi ilikuwa inasoma 171, 172, 171, dakika 20 mfululizo, na mimi hapo napiga stori na mwenzangu bila shida yoyote. Siku moja nikasimama nikaweka vidole, sekunde 15 nikapata 33, yaani 132. Nikaanza tena kukimbia kwa mwendo ule ule nikahesabu mguu wa kulia unavyogusa chini, mara 43 kwa sekunde 30, miguu miwili ni 86, kwa dakika ni 172. Saa ilikuwa inahesabu hatua zangu, mapigo haikuyaona kabisa.

Ndo sababu ya kwanza na inatokea sana kwa wakimbiaji. Saa inapima kwa kumulika mwanga wa kijani kwenye ngozi na kusoma damu inavyojaa na kupungua kwenye vimishipa, sasa mkono ukiruka kwa mdundo mmoja wa nguvu ule mtikisiko unaufunika mdundo wa damu, kifaa kinashika ule ulio mkubwa. Wengi hatua zao zikiwa kwenye kukimbia zinaangukia kati ya 150 na 180 kwa dakika, ambayo ni namba inayofanana na mapigo ya mazoezi makali, kwa hiyo huwezi kushtuka kirahisi kwamba ni uongo.

Cha kufanya: kwanza kaza mkanda. Usogeze juu ya kile kifupa cha kifundo cha mkono kama upana wa vidole viwili, ukae imara usiteleze, lakini usiache alama ya kukata damu. Futa kioo cha nyuma, jasho na mafuta ya kujipaka yanakaa pale. Kama ni baridi pasha mwili joto kwanza dakika 10, maana ngozi ikiwa ya baridi damu inakimbilia ndani na saa inakosa cha kusoma. Ukiona bado, hamisha mkono mwingine. Mwenye tatuu pale kwenye kifundo, wino unaweza kuzuia mwanga, jaribu sehemu isiyo na mchoro. Kukunja mikono kwa nguvu, mfano kwenye mashine ya kupiga makasia au kunyanyua vyuma, kunaharibu usomaji karibu kwa saa zote za aina hii.

Ikishindikana vyote, mkanda wa kifuani ndo suluhisho, ule unasoma umeme wa moyo wenyewe. Nao una kero zake: ukiuvaa mkavu unaruka ruka dakika za mwanzo mpaka utoke jasho, kwa hiyo lowesha zile sehemu mbili za mpira kwa maji kabla ya kuvaa. Ukianza kuleta namba za ajabu baada ya miezi kadhaa, osha chumvi ya jasho, alafu badilisha betri kabla hujautupa. Na vile vishikio vya chuma kwenye treadmili, ile mashine ya kukimbilia, sivitegemei kabisa mtu akiwa anatembea, labda asimame mikono imetulia.

Onyo moja: usizoee kuilaumu saa kila siku. Kama vidole navyo vinaleta 170 na wewe unatembea tu, nenda dalili inayofuata, na kama umekaa kimya kabisa na vidole vinaleta 150, ruka mpaka kwenye mapigo yanayoruka.

DALILI: YAMEPANDA KWELI, NA MWENDO NI MDOGO TU

Vidole vimethibitisha, pumzi nayo inasema hivyo hivyo. Unakimbia kidogo tu uko 165 unahema.

Kwa anayeanza, sababu ni kwamba bado mwili haujazoea. Moyo usio na mazoezi unasukuma damu kidogo kwa kila pigo, kwa hiyo ili misuli ipate hewa ya kutosha lazima upige mara nyingi zaidi. Huo ni utendaji wa kawaida. Hapa dawa ni kupunguza mwendo mpaka mtu anaona aibu, tembea dakika 3 kimbia 1, au tembea tu kwa kasi, mpaka kipimo cha kuongea kikubali. Nilitembea na dada mmoja aliyekuwa anakata tamaa kila akikimbia mita mia mbili, tukaacha kukimbia kabisa wiki za mwanzo, tukawa tunapanda kilima kidogo kwa miguu tukiongea, na baada ya wiki kadhaa kilima kile kile kilichokuwa kinampeleka 158 kikawa kinampeleka 140 na kidogo. Hakubadilisha kitu kingine chochote, aliacha tu kuanza kwa kishindo.

Kuanza kwa kishindo ni sababu ya pili peke yake hata kwa wazoefu. Dakika 5 mpaka 10 za kupasha mwili joto zinabadilisha kabisa kinachofuata.

Kisha angalia siku yenyewe ilivyo. Joto na unyevu hewani, maji umekunywa kiasi gani, usingizi, pombe ya jana, sigara, kahawa au vinywaji vya kuongeza nguvu muda mfupi kabla ya kutoka, msongo wa mawazo. Kila kimoja kinaongeza mapigo kadhaa na vikikutana vitatu unakuta namba imepanda 15 au 20 bila moyo kuwa na kosa. Dawa pia: pampu ya pumu yenye salbutamol inaharakisha moyo, dawa nyingi za mafua za kuzibua pua nazo, na vidonge vya homoni ya tezi ya shingo vikizidi kipimo. Usiache dawa ya pumu kwa sababu hii, ongea na aliyekuandikia.

Homa ni kesi tofauti. Joto la mwili likipanda digrii 1 tu mapigo yanapanda kama 10 hivi, sasa mtu anasema acha nitoe jasho homa iondoke. Tafadhali usifanye hivyo. Virusi vingine vinaweza kuvimbisha msuli wa moyo, na mazoezi makali wakati huo yanaleta hatari ambayo haina haja. Subiri homa iishe kabisa, rudi taratibu, na ukirudi ukaona kifua kinauma, unachoka kusiko kawaida au moyo unaenda mbio, acha nenda kapime.

Ya mwisho kwenye kundi hili ni yale yanayohitaji maabara. Upungufu wa damu ni mkubwa hapa, hasa kwa akina mama wanaopata hedhi nzito: damu ikiwa na hewa kidogo moyo unafidia kwa kupiga haraka, mtu anadhani ni uvivu kumbe ni damu. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi nayo inafanya hivyo, mara nyingi ikiambatana na kupungua uzito, mikono kutetemeka na kuona joto wakati wengine wako sawa. Vyote viwili vinaonekana kwa kipimo cha damu cha kawaida, kwa hiyo ukiona wiki 3 au 4 za mwendo wa pole hazijabadilisha chochote, au mapigo ukiwa umepumzika yako juu ya 100 muda wote, usiendelee kujilazimisha. Mjamzito mapigo yake ya kupumzika yanapanda kwa kawaida, 10 mpaka 20, hivyo atumie kipimo cha kuongea na kliniki yake, chati za zoni aachane nazo kwanza.

DALILI: NIMEPIGA HESABU NIKAPATA MAJIBU MAWILI, AU JIBU HALINIINGII AKILINI

Hapa ndo watu wanaumia zaidi na hapa nitakaa kidogo.

Fomula maarufu ni 220 toa umri, inakupa makadirio ya mapigo ya juu kabisa. Imeanza kusambaa miaka ya 1970 na ni rahisi kukumbuka, ndo maana iko kila mashine ya jimu. Mwaka 2001 Tanaka na wenzake wakatoa nyingine, 208 toa 0.7 zidisha umri. Ukiwa na miaka 40 zote mbili zinakupa 180. Ukiwa na 60 ya kwanza inakupa 160 na ya pili 166, ukiwa na 25 ya kwanza inakupa 195 na ya pili 190 na nusu. Kwa hiyo kwa watu wazima ile ya zamani inakadiria chini, na kwa vijana juu kidogo.

Lakini ugomvi wa fomula ni mdogo ukilinganisha na hiki: zote mbili ni wastani. Watu wawili wa umri mmoja, wote wazima, wanaweza kutofautiana mapigo 20 na zaidi kwenye kiwango chao cha juu kabisa. Mwenye miaka 50 ambaye fomula inamwambia 170 anaweza kuwa wa 158 au wa 184. Kwa hiyo ukiona umefika 176 wakati fomula ilisema mwisho wako 170, na unajisikia mzima, umechoka tu kama mtu aliyekimbia, mara nyingi ni fomula haikufahamu. Na hayo mapigo ya juu hayaongezeki kwa mazoezi, wala kuwa na namba kubwa sio dalili ya kuwa fiti, kila mtu kaja na yake na inashuka taratibu na umri.

Kosa la pili, na hili ndo linaleta majibu mawili, ni kuchanganya asilimia. Kuna asilimia ya mapigo ya juu kabisa, na kuna asilimia ya akiba ya mapigo, ile njia ya Karvonen. Akiba ni mapigo ya juu toa mapigo ya kupumzika. Chukua mtu wa miaka 45, juu 175, kupumzika 72. Asilimia 60 ya 175 ni 105. Asilimia 60 ya akiba: 175 toa 72 ni 103, asilimia 60 yake ni 62, unarudisha 72 unapata 134. Asilimia ile ile 60, tofauti 29. Huyu akichukua chati ya mmoja na hesabu ya mwingine, ama anatembea kama yuko kwenye foleni ama anajichosha bure.

Ukitumia asilimia ya mapigo ya juu, kasi ya wastani ni 64 mpaka 76, kali ni 77 mpaka 95 hivi. Ukitumia akiba, wastani ni 40 mpaka 59, kali ni 60 mpaka 89. Utakuta chati nyingine zinasema wastani ni 50 mpaka 70 ya mapigo ya juu, zimepangwa na taasisi tofauti tu, usishtuke. Na apu za saa nazo zina zoni 5 na kila kampuni inakata mipaka yake, kwa hiyo zoni 2 ya mwenzako inaweza isiwe zoni 2 yako hata kidogo. Ingia kwenye mipangilio uone imetumia asilimia ya nini, na umri uliojaza ni wa kweli. Nimeshakuta mtu anatumia saa aliyopewa na ndugu yake, umri uliomo ni wa ndugu.

Mimi njia ya akiba naipenda zaidi kwa sababu inamwangalia mtu. Yule wa miaka 45 mwenye mapigo ya kupumzika 72, kasi yake ya wastani inaanza 113 inaishia 133. Mwenzake wa umri huo huo mwenye 54 ni 102 mpaka 125, na mwenye 88 ni 123 mpaka 139. Lazima tu upime mapigo ya kupumzika vizuri: asubuhi, umeamka mwenyewe bila alamu kukushtua, bado umelala, hujagusa simu, siku 4 au 5 alafu chukua wastani.

Ukishapata namba zako zipeleke barabarani. Tembea au kimbia ndani ya hizo namba dakika 10 na ujaribu kuongea. Pumzi na hesabu zikikubaliana umemaliza. Zikipingana, amini pumzi, sogeza namba zako 5 juu au chini ujaribu tena siku nyingine. Kutafuta mapigo ya juu halisi kwa kujikimbiza mpaka mwisho sishauri kwa mtu aliyekaa miaka bila mazoezi, mwenye umri mkubwa au mwenye moja ya yale magonjwa ya mwanzo. Hao wafanyiwe kwenye treadmili ya hospitali wakiwa wamefungwa nyaya na kuna mtu anaangalia.

DALILI: NAJITUMA LAKINI MAPIGO HAYAPANDI

Vidole kwanza. Saa ikilegea inaweza pia kusoma chini, au kukata nusu, unaona 80 kumbe uko 160.

Vidole vikikubali, jiulize unakunywa dawa gani. Hapa kuna watu wengi sana na hawajaambiwa. Dawa za kundi la beta bloka, atenolo, bisoprolo, metoprolo, karvedilo, propranolo, kazi yake ni kuuzuia moyo usiende mbio, na zinauzuia mazoezini pia. Diltiazem na verapamil nazo zinapunguza. Kuna mzee wetu mmoja alikuwa anajilazimisha afike 130 kwa sababu ya chati ukutani pale jimu, anaishia 104 miguu inatetemeka, anaona amefeli. Alikuwa kwenye bisoprolo, 104 kwake ilikuwa tayari kazi nzito. Kwa mtu kama huyu 220 toa umri haina maana yoyote, atumie kipimo cha kuongea, au amuombe daktari kipimo cha mazoezi akiwa amekunywa dawa yake kama kawaida. Hata matone ya macho ya timolo, wanayopewa watu wa presha ya macho, yanaweza kuingia kwenye damu yakapunguza mwendo wa moyo, na mtu hawezi kufikiria tone la jicho linahusika.

Usiache beta bloka mwenyewe ili namba ipande. Kuikata ghafla kunaweza kurudisha mapigo na presha kwa nguvu, kukaleta maumivu ya kifua, hata shambulio la moyo kwa mwenye mishipa iliyoziba.

Kama huna dawa, angalia aina ya zoezi. Kwenye baiskeli wengi mapigo yao yanakuwa chini kwa 5 mpaka 10 kuliko kukimbia, kwenye kuogelea chini zaidi kwa sababu umelala na maji yanapoza, kwa hiyo zoni za kukimbia usizipeleke majini. Kwa anayeanza baiskeli mapaja yanachoka kabla moyo haujafika popote. Na aliyefanya mazoezi miaka, moyo wake unafanya kazi ile ile kwa mapigo machache, hiyo ni faida yake. Uchovu wa mazoezi mengi bila kupumzika nao unazuia mapigo yasipande, miguu inakuwa kama magogo, hapo pumzika siku kadhaa kabisa.

Kama hakuna hata kimoja, mapigo hayapandi na unachoka upesi, unapata kizunguzungu, au ukiwa umepumzika ni chini ya 40 na wewe sio mwanamichezo, muone daktari apime umeme wa moyo. Mwenye betri ya moyo kifuani aulize kliniki yake imewekewa mipaka gani.

DALILI: NAANZA VIZURI, ALAFU YANAPANDA POLE POLE NA MWENDO NI ULE ULE

Dakika ya 15 uko 138, dakika ya 50 uko 152, hujaongeza kitu. Hii ni kawaida. Unapotoka jasho maji ya damu yanapungua, damu nyingine inaenda kwenye ngozi kupoza mwili, kinachorudi moyoni kinakuwa kidogo kwa kila pigo, basi moyo unaongeza idadi. Kunywa maji kabla na katikati, toka wakati wa ubaridi, na ukiona umevuka zoni yako punguza mwendo, au kama pumzi bado iko sawa endelea tu. Ila ukiwa kwenye joto kali ukaacha kuelewa uko wapi, unayumba, kichwa kinagonga, hilo ni joto limeingia mwilini: kivulini, maji ya baridi mwilini, dharura.

DALILI: NIMESIMAMA NA HAYASHUKI

Usisimame ghafla, tembea pole pole dakika 5, ukisimama tuli au kukaa mara moja damu inabaki miguuni na kizunguzungu kinakuja. Pima pale unapopunguza, pima tena baada ya dakika 1 kamili ukiwa bado unatembea taratibu. Wengi wanashuka kwa zaidi ya 12 hapo, wengine 25, 30. Punguo likiwa 12 au chini siku moja baada ya usingizi mbaya, puuza. Likiwa hivyo kila siku, wiki hadi wiki, na huna beta bloka, lipeleke kwa daktari, maana kwenye vipimo vya hospitali kushuka kwa uzembe namna hiyo kunahesabika kama dalili ya kufuatilia. Kubaki juu kidogo ya kawaida kwa saa nzima au zaidi baada ya zoezi kali hakuna shida.

DALILI: YANARUKA RUKA

Pigo moja linakosekana kila baada ya muda alafu linafuata zito, hiyo wengi wanayo, kahawa na kukosa usingizi vinaongeza. Yakikuja zaidi ukiwa mazoezini, au na kizunguzungu, acha.

Mawili yanataka umakini. La kwanza ni mapigo yasiyo na mpangilio kabisa, ukiweka vidole huwezi kutabiri linalofuata, haraka, taratibu, mawili pamoja, kimya. Hiyo inaweza kuwa mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo, ambao damu inaweza kuganda ndani na kupelekea kiharusi, hata kama hausikii maumivu yoyote. La pili ni yale yanayowaka kama taa: ulikuwa 120, ghafla 190, yanapiga sawasawa, na yanazima ghafla vile vile. Mazoezi ya kawaida hayapandishi hivyo, yanapanda kwa ngazi. Kwa yote mawili simamisha mazoezi mpaka upimwe, na kama yanaendelea ukiwa umekaa, au yamekuja na kifua kubana, pumzi kukata au kuzirai, ni dharura ya saa hiyo hiyo.

Shida ya haya ni kwamba ukifika hospitali yameshatulia na kipimo kinasoma safi. Kwa hiyo yakija, na hali yako inaruhusu, weka vidole uhesabu, andika saa, ulikuwa unafanya nini, yalianza ghafla au taratibu, yalidumu dakika ngapi, dawa na vinywaji vya siku hiyo. Saa yako ikiwa na uwezo wa kurekodi umeme wa moyo washa irekodi wakati ule ule na uhifadhi ile picha. Daktari akiona haikutosha atakufunga kile kifaa kidogo cha kubeba siku nzima au zaidi, na hizo siku fanya mizunguko yako ya kawaida, pamoja na ile ngazi inayokusumbua.